Futikamba

Saa tatu usiku, Pasua. Nafunga duka,
nakunja gauni la Mama Eliaichi, bado mkono mmoja,
nasogeza kiti mwendo mpaka penye soketi,
nachomeka simu, nachomeka masikio.
Bando la usiku ni rahisi,
na maswali yangu yote ni ya usiku.

Somo la kwanza mwalimu alitaja jina la kitu
kwa sauti ile ile ya kutaja bei ya vitunguu.
Nikazima. Nikatazama mlango.
Nikawasha tena.

Miaka kumi na sita nimeshika futikamba.
Nyonga za nusu ya mtaa huu nazijua kwa inchi:
nani kanenepa baada ya talaka,
nani ana mimba na mama yake hajajua.
Bibi harusi huinua mikono, nazungusha kamba kifuani,
anacheka, ananisimulia mambo ya mchumba wake
kama mtu anavyosema mbele ya paka.
Hakuna aliyewahi kunigeuzia swali:
na wewe je, Ndeshi?

Walipomfunda dada yangu
mimi niliachwa jikoni na sinia la mchele, nichambue.
Mlango haukufungwa vizuri. Nilisikia nusu.
Shangazi Aikande akatoka kuchukua chai,
akanipapasa kichwa: wewe, mwanangu,
Mungu kakuepushia taabu hizi.
Nikaishi na ile nusu.

Zahanati niliomba vidonge vya uzazi wa mpango.
Nesi akamwuliza aliyenisukuma, si mimi:
nani kamfanyia hivi?

Somo la nne lilikuwa na chemsha bongo.
Kweli au si kweli:
mtu asiyetembea hana hamu.
Kidole kilitetemeka, wala si kwa kutojua.
Ikatokea alama ya kijani.
Shuleni niliwahi kuandikiwa vema kwa hesabu, kwa imla,
mara moja kwa usafi wa kucha.
Kwa mwili, hii ilikuwa ya kwanza.

Kisha kazi ya nyumbani: jichore,
utie rangi kila mahali panapohisi.
Nikatandaza karatasi ya kukatia mitindo,
nikatoa chaki ya bluu.
Tangu lile lori la Himo, nikiwa na miaka kumi na minne,
madaktari walipiga mstari kiunoni pangu:
chini ya hapa, wakasema, kimya.
Nami nikawa nimeuheshimu ule mstari hata juu yake.
Sasa nikaanza. Nyuma ya shingo.
Kiwiko, upande wa ndani, pale ngozi ilivyo laini kama bitana.
Sikio. Sikio la pili.
Na chini ya mstari, mahali fulani pa paja la kushoto,
si mguso hasa, ni kama mtu anaita kutoka nyumba ya pili,
nikaweka nukta, nikaifuta, nikairudisha.
Chaki iliisha kabla ya karatasi.

Kulikuwa na kijana asiyeona, wa Ngaramtoni.
Aliuliza: mimi watu nawasoma kwa viganja,
je, ni haki kuomba kugusa uso wa mtu?
Mwalimu akajibu: omba.
Halafu subiri jibu.
Niliirudia sehemu hiyo mpaka bando likakata.

Jumamosi Mbonea amekuja kutoka Mbuyuni, na spana yake,
kukaza gurudumu ambalo halijalegea,
mara ya tatu mwezi huu.
Amekaza. Amejaribu. Amefuta grisi kwa kitambaa changu kizuri.
Kisha akasimama tu, macho kwenye cherehani,
akauliza, taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua:
naweza kukaa karibu?

Sikujibu haraka.
Kumbe hata kusubiriwa kuna utamu wake,
hilo halikuwamo katika somo lolote.

Nikavua futikamba shingoni,
nikamwekea mkononi.
Nipime, nikamwambia.
Si kiuno. Anzia hapa.