Ng'onda

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema.
Mimi nina miaka sitini na mitatu,
nimepasuliwa, nimetiwa chumvi, nimeanikwa,
na leo Mkamburi, yule binti wa viungo pale Makadara,
amenipa kazi ya nyumbani: nikunje ua.

"Mkono wa kulia," akasema. "Wa kushoto usaidie tu,
usiwe na kiherehere."

Wa kulia!
Miaka ishirini na sita
niliketi katika kibanda cha kreni, sakafu ya kioo,
Kilindini yote kati ya viatu vyangu,
nikishusha tani ishirini za mchele, za matairi, za mitumba
juu ya lori, na chai ya dereva isimwagike.
Sasa karatasi.
Karatasi moja, hata mbu angeibeba.

Pembe kwa pembe.
Pembe haitaki mwenziwe.
Kidole gumba kimelala kama mgeni baada ya pilau,
ukikiita kinaitika baadaye,
kutoka chumba cha nyuma.

Karatasi zenyewe ni nakala za hati za mizigo,
zile za rangi ya waridi. Mwanakombo alizificha chini ya godoro
akidhani kiinua mgongo changu kimo humo.
Zina majina ya meli zilizokwisha kukatwakatwa
zikawa misumari, zikawa masufuria,
na sahihi yangu ya zamani, yenye mkia mrefu.
Naikunja sahihi kwa ndani. Haionekani tena.
Nilitaraji kuumia.
Sikuumia sana.

Pembetatu. Haya, fungua.
(Kwa nini tukunje, kisha tufungue?
"Ili ikumbuke," alisema Mkamburi,
naye hajatimiza miaka ishirini na mitano, kajulia wapi?)
Geuza. Kunja tena. Pitisha ukucha.
Hapo kwenye ukucha ndipo jasho linaponitoka,
na mate pia, upande ule wa mdomo
ambao siku hizi haunipi taarifa.

Nilianza baada ya adhuhuri.
Petali ya mwisho ilikubali kukaa
muadhini akikohoa kwenye kipaza sauti, alasiri.

Mwanakombo akatoka jikoni, unga hadi viwikoni.
Akalitazama. Akazunguka, akalitazama upande wa pili.
"Kabichi?"
"Ua."
"Ua la kabichi."
Kisha hakunena kitu. Akafuta mikono kwenye leso,
akalishika kwa ncha za vidole,
akaliweka juu ya ukuta wa roshani, penye mwanga,
ghorofa ya tatu, Tononoka nzima ilione.

Kunguru wa mji huu hawabishi hodi.
Alitua. Akainamisha kichwa, akapima kwa jicho moja,
akalinyanyua mara moja tu, sawasawa,
petali isitikisike,
vile vile nilivyokuwa nikinyanyua mimi,
akavuka nalo nyaya za stima na mapipa ya maji
kuelekea Makupa.

Nilicheka. Nusu ya uso ilicheka,
nusu ikabaki inasikiliza.
Mwanakombo alimrushia kandambili, halafu tusi,
halafu kandambili ya pili,
iliyoangukia kwenye nguo za Bi Tatu wa chini,
na hiyo sasa ni kesi nyingine.

Alhamisi nitamwambia Mkamburi: ua lilikuwako.
Limo kiotani, vifaranga wanalalia bandari.
Hataamini. Kila mgonjwa wake ana hadithi.

Basi nimevuta nakala nyingine,
ya siku ya mvua, wino umechuruzika
hata sijui ilikuwa shehena ya nini.
Pembe kwa pembe.
Kidole gumba, wee.
Amka, mgeni.
Siku zako mbili zilikwisha tangu Shaabani.
Shika hapa.