Daftari la Bawaba

Jina walilipata kiwandani, Willenhall,
mji wa kufuli, ambako hata mtoto mchanga hunuka shaba.
Trevor Hodgetts aliuliza, "Basi tujiiteje?"
Lionel Fellows akatoa bawaba mfukoni, akaitupa mezani.
Ikalia. Wakanyamaza. Yakaisha.

Ilikuwa sabini na moja. Mimi nilikuwa na gari,
gari la mkate la marehemu baba,
na kwa ajili ya gari nikawa wao,
ingawa kwenye picha simo.
Mlango husifiwa kwa nakshi zake;
bawaba hutajwa ikilia tu.

Daftari hili ni langu. Zamani lilikuwa jekundu.
Dudley: pauni nne, na chupa moja usoni mwa mpiga ngoma.
Stoke: pauni sita. Watu kumi na mmoja, mmoja kalala.
Hull: hawakutulipa, walitupa samaki, sanduku zima,
tukarudi usiku kucha madirisha wazi,
tukiimba ili tusitapike.
Dortmund: walituelewa kuliko kwetu. Sijui walielewa nini.
Ohio, sabini na nane, majuma sita:
tulirudi na deni,
Lionel akarudi na meno mapya.

Wapiga ngoma, saba.
Horace Tonks aliacha kwa sababu ya mgongo,
wa pili kwa sababu ya Mungu,
wa tatu alishuka kununua sigara karibu na Carlisle
na mpaka leo sijafuta jina lake.

Ile santuri ya vinanda vya umeme na nywele zile
tulikubaliana kutoizungumzia.
Nami hapa siizungumzii.

Ila ya kwanza, ya sabini na tatu!
Kanisa la Wamethodisti lililokuwa likiuzwa, kando ya Bilston,
mashine ya kukodi, tumekesha mara tatu,
na mvua juu ya bati kama misumari inamwagwa.
Fundi alisema tungoje ikatike.
Trevor akamjibu, "Ikikatika, na pesa zitakuwa zimekatika."
Basi mvua imo. Upande wa kwanza wote inanyesha.
Na katika wimbo wa tatu, kabla tu besi haijaingia,
kuna mtu anakohoa.
Ni mimi, Glynis Tranter,
mimba ya miezi saba, soksi zimelowa,
nimeshika taa ili Lionel aone nyuzi.
Miaka hamsini watu wameniuliza ni nani yule.
Kule Ghent kijana mmoja alijichora kikohozi changu mkononi,
yaani vile vijimistari vya sauti. Niliona haya. Nilifurahi.

Lionel tulimzika mwaka elfu mbili na tisa.
Gita lake analipiga mwanawe, Gareth, wa mkono wa kushoto,
kwa hiyo nyuzi zimepinduliwa,
na nikifumba macho ni baba,
nikifumbua ni kama namwona baba kwenye kioo.

Mwaka jana kampuni imeitoa upya,
ndani ya kasha zito, na kijitabu.
Fundi mpya, kijana wa adabu, alinipigia simu kutoka London.
"Tumeisafisha, mama," akasema. "Sasa ni safi kabisa."
Nikamshukuru. Ningesema nini?

Jumapili nikaiweka jikoni, sahani zikiwa bado na maji.
Kweli ni safi.
Bati limeezuliwa, mvua imepelekwa kusikojulikana,
wanaume wanne wanapiga mahali pasipo na mahali.
Wimbo wa tatu ukaja. Nikasimama.
Pale, kabla ya besi, kimya.
Kimya cheupe, kama ukuta palipoondolewa picha.

Nikakohoa.
Palepale, kwa wakati wake, sikukosea hata chembe.

Janice akachungulia kutoka sebuleni,
Janice aliyekuwa tumboni usiku ule, leo ana mvi,
akauliza kama nimeshikwa na mafua.
"La," nikamwambia. "Naingiza besi."