Penseli ya Otari

Nisli alimrukia njiwa kutoka roshani ya ghorofa ya nne
alfajiri ya Kutaisi, theluji imeshageuka tope.
Njiwa akabaki hewani.
Nisli akatua kwa kidevu.

Tulimkuta chini ya gari la jirani, mdomo wazi
kama aliyeanza neno likamponyoka.
Ute unaning'inia. Meno ya chini na ya juu
hayaonani tena, kama ndugu waliogombania mpaka.
Watu husema roho ya paka, roho ya paka!
Mimi roho sikuiona. Niliona ulimi umekauka.

Otari, mume wangu, hakusema kitu.
Hasemi kitu tangu kiwanda cha malori kifungwe.
Alivua koti, akamviringisha, akatangulia ngazini.

Daktari Lamzira aliishikiza eksirei kwenye kioo cha dirisha.
"Hapajavunjika. Taya limeteguka, la kulia,
ndiyo maana kidevu kinatazama kushoto."
Akamchoma sindano ya usingizi,
akapekua droo moja, ya pili, ya tatu.
"Mikasi ninayo kumi na miwili. Penseli sina."

Otari akachomoa yake nyuma ya sikio,
ile anayopigia mistari kwenye mbao za vigoda.

Ikafutwa kwa spiriti, ikalazwa kinywani
ng'ambo hadi ng'ambo, huko nyuma kwenye magego.
Nilidhani atavuta. Nilijikaza nisisikie.
Kumbe aliufunga mdomo juu ya mti ule,
polepole,
kidole gumba kikisukuma taya lirudi kwao.

Ko.
Mlio wa kitasa cha kabati, basi.

Plasta puani wiki mbili, ulimi uachiwe upenyo,
kuku asagwe alainike kama uji wa mtoto.

Usiku wa tatu niliamka na kiu.
Jikoni Otari amepiga magoti, bomba la sindano mkononi,
supu imemlowesha mkono wa shati,
anamsimulia paka: gurudumu lililochomoka mlimani,
mhasibu aliyeficha boliti ndani ya buti,
msimamizi Gucha na wimbo wake mmoja.
Nisli anameza. Otari anaendelea.
Nikarudi kitandani na kiu yangu.

Sasa paka anatafuna mifupa, na mlangoni hutuzomea.
Penseli bado inafanya kazi. Ina vishimo viwili katikati.
Ncha ikikaribia hapo, Otari huigeuza,
akachonga upande wa pili.