Herufi Moja

Babu mzaa mama ameandikwa mara tatu,
kila mara mtu mwingine.
Geita, daftari la mishahara ya mgodi: Danavani, fundi pampu.
Bukumbi, kitabu cha ndoa: Donefani, shahidi, kalewa kidogo
(la ulevi padri kaliongeza pembeni, kwa penseli).
Na msalaba wake wa mbao, Nyakato:
mchwa wamelila jina, wakabakiza O.

Leokadia Mugeta, anayetafuta ukoo wake wa Ukara,
ndiye aliyenipigia picha kurasa za Bukumbi.
"Wangu hawamo," akasema, "lakini wako huyu hapa."
Remijio naye, mjukuu wa karani Mgoa wa bandari ya Kusini,
alinipa orodha ya abiria wa meli, mwaka thelathini na tatu;
karatasi inanuka dagaa.

Jana usiku, Kirumba, umeme umekatika,
barua ya Nuala wa Korki nikaisoma kwa kurunzi.
Ziwa hili hajawahi kuliona.
Kazunguka makaburi ya parokia tatu kwa ajili yangu,
mvua ikimnyeshea.
Anasema kwao ile O ya mwanzo wa jina
maana yake: mjukuu wa.

Nikakumbuka mama alivyoitwa bombani,
Ng'wana Donofani! Sogeza ndoo yako!
naye akiitika, hajui anaitikia kisiwa kizima.

Asubuhi nilirudi Nyakato na kopo la rangi nyeupe.
Nikasimama na brashi.
Sikuandika kitu.
Mjukuu wa,
halafu mimi, na mbigili kwenye soksi.