Kiti cha Kulia

Orest alifungua mlango injini ikinguruma,
akaufunga mkanda juu ya kiti kitupu
kana kwamba hewa nayo yaweza kuanguka,
akasema, "Mizunguko mitatu, Halyna. Chai ipo ofisini."

Miaka ishirini na sita nimeendesha basi la shule
katika barabara za Saskatchewan zisizojua kona;
mikono yangu ilizoea usukani unaotii.
Huu hautaki kushikwa. Wataka kuguswa tu,
kama unga unaoumuka.

Kilo tisini za mwalimu zimebaki nyasini.
Ndege ikapaa kabla sijawa tayari,
mapema, kwa pupa,
na mashamba ya kanola yakainama kushoto, manjano tupu.

Nikasema, "Tazama, ghala la baba."
Kiti kikanyamaza.

Kutua: mwendo sitini na tano, pua juu, subiri,
subiri,
gurudumu likagonga, likadunda, likagonga tena.
Mara ya pili nikadunda zaidi.

Ya tatu sikusikia kitu.
Nilidhani bado niko juu
hadi nyasi zilipoanza kupita polepole,
nikamwona Orest, kikombe mkononi,
anatazama saa, hanitazami mimi.