Mdomo Utazame Mafuta

Mara ya kwanza niligeuza mdomo nje.
Sunnvør hakufoka; aliwasha injini, akaniacha
nitazame mafuta yakivuja tone kwa tone
hadi maji ya ngama yakang'aa rangi za upinde.

Leo, Klaksvík, theluji mlangoni, tunarudia.
Shafti ina mfuo sili kuukuu ilipokaa miaka kumi na tisa:
mpya isogee ndani, unene wa ukucha.
Utepe juu ya kingo kali, zisije zikachana mpira.
Grisi kwa kidole. Springi ndani.
Kipande cha bomba, nyundo ya mbao,
gonga huku, gonga kule, isiende upande.

Kwa lugha yangu, sili na siri hutengwa na herufi moja.
Sikumwambia.

Injini inanguruma. Anapitisha kitambaa cheupe chini ya shafti,
ananionyesha:
hakina neno.