Pia

Nilinunua daftari Chavakali, la kurasa tisini na sita,
nikapiga mistari kwa rula ya mwanangu:
Jina. Cheo. Kuzaliwa. Kufa.
Nilidhani wafu wangeingia kwa foleni.

Babu ndiye aliyeniharibia mistari.
Nyumbani alikuwa Vugutsa.
Wamisheni wa Kaimosi wakamwita Yeremia,
bila maji, maana Marafiki hawabatizi;
walimpa jina kama walivyompa kaptura.
Karani wa kipande, mtu mwenye haraka,
aliuliza mara moja, akasikia alichosikia,
akaandika Fugusa.
Miaka kumi na mmoja Fugusa alining'inia
ndani ya kikebe, shingoni mwa Vugutsa,
akipokea mshahara wake, akilipa kodi yake,
na viboko alivyoandikiwa Fugusa
vilitua mgongoni mwa Vugutsa.

Kisha cheo. Alikuwa liguru miaka saba,
akavuliwa kwa sababu ambayo kila shangazi ana yake.
Kofia ilirudishwa Kakamega. Cheo hakikurudi:
hadi anazikwa walimwita Liguru,
na mbwa wake aliitwa mbwa wa Liguru.
Niandike alichonyang'anywa, au alichobaki nacho?
Niliandika. Nikafuta. Karatasi ikatoboka.

Bibi nilimtafuta kama sindano.
Hati ya shamba: mke wa Yeremia.
Kadi ya zahanati: mama Asava.
Msalaba wake: mke wa Yeremia, tena,
kana kwamba kaburi moja halikumtosha mzee.
Mpaka nilipofungua sanduku la mikutano ya akina mama,
orodha ya sadaka, wino umechujuka:
Kadenyi, senti kumi na mkungu wa ndizi.
Mwandiko wake mwenyewe, ile K imetazama nyuma
kama mtu aliyeitwa akiwa njiani.
Nikakaa sakafuni. Nikamsoma kwa sauti.

Baba mkubwa Asava nilimpigia simu Nakuru.
"Niandike Daudi Yona. Basi."
Mwaka ule wa moto, mtaani kwao,
vijana walisimama njiani wakisoma vitambulisho,
na jina la mwisho ndilo lililohukumiwa.
Alilikata kama mjusi anavyoacha mkia.
"Utaota tena," alimwambia mkewe.
Haukuota. Wajukuu wake ni kina Yona watupu.
Nikamuuliza: na Asava nimpeleke wapi?
Simu ikanyamaza kiasi cha shilingi tano.
"Mweke mahali," akasema. "Lakini kwa penseli."

Usiku ule nilipiga mstari mwingine,
uliopinda kidogo, pembezoni mwa ukurasa,
safu nikaipa kichwa: Pia.
Kineno cha silabi mbili,
na watu wote hao wamelala humo.
Vugutsa, pia Yeremia, pia Fugusa, pia Liguru.
Mke wa Yeremia, pia mama Asava, pia...
La. Nikang'oa ukurasa, nikaanza upya.
Kadenyi kwanza. Hao wengine ndio pia.

Mwezi wa nne, Kisumu, wodi ya wazazi,
binti wa dada yangu Imali alilia tangu alfajiri.
Kwetu mtoto huitiwa majina ya waliotangulia
hadi anyamaze kwa lililo lake.
Mama akaniambia, soma.
Kadenyi: kilio. Vihenda: kilio.
Kageha, aliyekufa na miaka mitatu: kilio kikali zaidi.
Kitanda cha pili walianza kutusaidia kuotea.
Kidole kikateleza, macho yamejaa usingizi,
nikasoma safu isiyomhusu:
Fugusa.

Akanyamaza.

"Ameshiba tu," nesi alisema.
Mama hakujibu; alikuwa akitafuta kalamu ya wino.
Jina ambalo hakuna mzazi aliyelitunga,
kosa la mtu aliyetaka kwenda kula chakula cha mchana,
sasa lina kilo tatu na robo
na ukucha mrefu wa kidole gumba.

Nimeliandika. Fugusa, binti Imali.
Safu ya Pia nimeiacha wazi:
makarani bado wapo.